Kila Mdudu na Jina Lake

Maziwa hapana. Mkate hapana. Sukari usiguse, hata ukiililia. Hayo ndiyo maneno ambayo Madame alikuwa akiyasema kila jioni kwenye kizingiti chake, ameinama juu ya sahani ya bati, na mgeni katika kilima chetu angedhani anamfundisha mjukuu mkaidi. Hakuwa na mjukuu. Alikuwa anasema na kalunguyeye.

Mnyama mwenyewe alikuwa mdogo kama viazi viwili vilivyoungana, mgongo wote miiba, pua ndefu isiyotulia. Mzazi wa mwanafunzi mmoja alimletea kutoka tambarare ya Ruzizi, kama zawadi. Wengine wanapewa kuku.

Sote tulimwita Madame kwa sababu alikuwa amefundisha mwaka wa kwanza wa primaire, shule ya msingi, tangu zamani, na nusu ya kilima ilijifunza herufi mbele ya fimbo yake. Mimi pia. Vidole vyangu vinakumbuka. Jina lake la ubatizo, aina ya jina ambayo Serikali wakati ule ilimkataza kila mtu kuitumia, na lile la mababu alilolichukua badala yake, sitayaandika. Hakuna mtu aliyeyatumia.

Kwetu Kadutu nyumba zimepandana kwenye mteremko. Bati la jirani wa chini liko sawa na miguu yako, na ukimwaga maji bila kuangalia unamwagia mtu mboga yake. Nyumba ya Madame ilikuwa chini ya yetu. Nikikaa kwenye mlango wangu kumenya muhogo, nilikuwa naona utosi wake, kizingiti chake, na ile sahani. Sikuwa nachungulia. Kadutu haichunguliwi, inakuingia yenyewe machoni.

Basi nilijua chakula cha yule mnyama kuliko nilivyojua chakula cha mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa Mwenga, ndani ya mashimo ya dhahabu, na akirudi alikuwa anakula akiwa amelala. Kalunguyeye alikula panzi. Alikula mende, konokono, na kumbikumbi wakati wa mvua, mabawa yameondolewa. Wadudu wakikosekana, Madame alichemsha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, bila chumvi wala mafuta, akawaponda kwa vidole. Mara moja moja alimpa yai la kuchemsha, si zima, kipande kama ukucha. Kidogo cha boga. Maji kwenye kifuniko cha chupa. Akimaliza, sahani iliondolewa hata kama mnyama bado ananusa.

“Chakula si huruma,” alikuwa anamwambia. “Mimi sikuhurumii. Mimi nakulisha.”

Alisema hivyo kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, ile sauti inayofika benchi la nyuma. Hilo lilinishangaza, kwa sababu Madame na sisi watu alisema Kifaransa, akiwa peke yake aliomba kwa Mashi, lugha ya kwao, na Kiswahili alikidharau, alisema ni lugha ya soko. Lakini kwa mnyama, Kiswahili, tena kwa nguvu.

Hakuwa mtu mwema, na mtu asije akaniambia alikuwa mwema. Ukimwomba chumvi alikuuliza kwa nini hukupanga. Siku ya salongo, tulipotoka wote na majembe na mafagio kusafisha mifereji, yeye alisimama na kutuonyesha tulipoacha uchafu. Hakuwa wa kwanza kusalimia. Yeye aliyemkatalia mnyama sukari alikunywa chai tamu kama asali, akachovya mkate mkavu asubuhi na jioni, na meno yake yalikuwa yameoza mpaka akicheka, mara chache alipocheka, alifunika mdomo kama msichana. Nilimwuliza siku moja kwa nini hajilishi yeye mwenyewe hivyo. Alisema, “Mimi nimeshakua. Uharibifu wangu umekwisha.”

Kabla ya huyu alikuwa na kalunguyeye mwingine. Aliwahi kutusimulia darasani, tukiwa wadogo, na wazazi wangeijua hadithi ile wangemshitaki kwa mkurugenzi wa shule. Yule wa kwanza alimpa maziwa, mkate, ndizi, na uji wenye sukari. Alimpenda. Mnyama akanenepa, watu wakaja kumsifu, anang’aa, anajaa mikononi. Sasa kalunguyeye akiogopa anajikunja kuwa mpira na miiba inamlinda. Yule alikuwa ameshiba upendo, akijikunja miguu na uso vinabaki nje. Panya wakaja wakaanza na miguu.

“Nilimpenda mpaka akashindwa kujifunga,” alituambia, kisha akageuka ubaoni kuandika herufi.

Niseme sasa jambo ambalo lilifanya watoto wa kilima waache kupita pale jioni.

Baada ya somo la chakula, Madame aliita majina. Aliyaita kama anavyoita mwalimu asubuhi, sauti haipandi haishuki. “Cikuru.” Halafu kimya, urefu ule ule ambao mtoto anahitaji kusema présent. Halafu anaangusha panzi mmoja kwenye sahani, na tunasikia kra, kra, kra, meno madogo. “Nabintu.” Kimya. Kumbikumbi. Kra, kra. “Bisimwa.” Kimya. Kila mdudu na jina lake. Mbwa wa kilima, ambao wanabwekea hata kivuli cha nguo kwenye kamba, hapo walikuwa wamelala chini, masikio yamelazwa.

Watu walisema mengi. Walisema yule mnyama ni mtoto aliyemzaa akamkataa. Walisema ni dawa ya kulinda nyumba, na kweli mwizi hakuwahi kuingia mule. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kunisaidia na ambaye hakunisaidia, alisema Madame ni mulozi, mchawi, na majina ni ya watu anaowala polepole, mmoja mmoja, kwa mdomo wa mnyama ili mdomo wake yeye ubaki safi.

Mimi nilimaliza humanités, yaani sekondari, diplôme yangu iko ndani ya sanduku. Nilisema huo ni ujinga. Lakini siku moja, nikimenya muhogo, jina la Nabintu liliposhuka kwenye sahani, nilikumbuka kwamba nilikaa benchi moja na Nabintu. Alikuwa na nywele nyekundu kama ndevu za mahindi na miguu ya mviringo. Tulikwenda likizo ya Pasaka, tukarudi, yeye hakurudi. Kisu kilinikata. Cikuru pia nilimkumbuka. Wote walikuwa wa darasa la Madame, wa miaka tofauti, na wote walikuwa wamekufa.

Na tangu siku hiyo nilikaa mlangoni si kwa sababu ya muhogo.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Mugisho. Nilipopata mimba ya pili, nilimwachisha kunyonya, kama wanavyofanya wote, kwa sababu mama mkwe alisema maziwa ya mimba ni sumu. Alikula bugali ya muhogo asubuhi na jioni, na chai yenye sukari katikati. Akanenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikawa ya mviringo, ngozi ikang’aa kama imepakwa mafuta. Nywele zikawa nyekundu, na mama mkwe alimpitisha nyumba kwa nyumba akisema mjukuu wake anageuka mzungu. Watu walinipongeza. Alikuwa mtoto mtulivu, unamweka hapa unamkuta hapa. Kuku wa mama mkwe walitaga chini ya kitanda, lakini mayai yalikuwa ya wageni na ya kuuza. Mtoto akila yai anakuwa mwizi, alisema, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo.

Kwa hiyo nilikuwa nakaa juu na mwanangu wa bugali, nikimwangalia mwanamke wa chini akimpa yai mnyama. Hasira ile sijui niilinganishe na nini. Nilikuwa naisikia kwenye fizi.

Jioni moja ya mvua ndogo aliita majina kama kawaida. Cikuru. Nabintu. Bisimwa. Kisha, kwa sauti ile ile:

“Mugisho wa juu.”

Kimya. Ule urefu wa mtoto kusema présent. Mugisho alikuwa mapajani pangu, macho wazi, hakugeuka kusikia jina lake. Kisha mdudu akaanguka kwenye sahani, na meno yakaanza.

Sikumbuki nilivyoshuka ile njia ya utelezi na mimba yangu. Nilifika mtoto mgongoni, watu wawili watatu wamesimama juu wakingoja kuona. Nilimwuliza mwanangu amemkosea nini. Nilimwambia akitaka kula mtu anile mimi, iko nyama ya kutosha. Madame hakusimama. Alisema tu, “Mushushe.”

Sijui kwa nini nilimtii. Labda ni vile vidole vyangu. Nilimweka Mugisho chini karibu na sahani, na kalunguyeye akaacha kula, akaja kunusa mguu wake. Akaulamba. Halafu akaanza kutafuna hewa, povu jeupe likamtoka mdomoni, akageuza shingo kama haina mfupa, na akaanza kujipaka lile povu kwenye miiba ya mgongo, taratibu, kama mwanamke anayejipaka mafuta. Huko juu mtu alitaja jina la Yesu. Mtoto wangu hakuogopa, hakucheka, hakufanya kitu. Alimwangalia mnyama kama unavyoangalia ukuta.

“Anafanya vile akikuta harufu asiyoijua,” Madame alisema. “Kwa nini, sijui.”

Kisha akabonyeza kidole gumba juu ya mguu wa Mugisho, akakiondoa. Shimo likabaki. Nilingoja lijae. Halikujaa. Lilikaa pale kwenye mguu wa mwanangu kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

“Haya si mafuta,” alisema. “Ni maji. Mutoto iko na bwaki.”

Bwaki nililijua kwa jina. Niliwaza ni ugonjwa wa watu wa porini, wa watoto wakavu wenye mbavu, si wa mtoto ambaye mtaa mzima unamsifu. Protéines nilizisoma kwenye biologie, nikapata pointi nzuri. Hakuna aliyetuambia kwamba zikikosekana zinaonekana kama unene.

“Unajua tangu lini?” nilimwuliza.

“Tangu mvua ilianza.”

“Na ukanyamaza.”

“Sikunyamaza. Nilisema kila jioni. Nini ya kula, nini ya kuacha. Nilisema mupaka koo ikauma.”

“Ulikuwa unasema na munyama, Madame. Miye siko munyama. Miye niko na jina, niko na mulango, ungepanda ukabisha.”

Aliangalia juu, kwa wale watu waliosimama, na akashusha sauti, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akishusha sauti. Aliniambia kwamba zamani alipanda akabisha. Kwa mama yake Bisimwa. Alimwambia mtoto anakufa, ampe samaki, ampe maharage. Mama akamfukuza. Mtoto alipokufa, watu walikumbuka ni nani aliyesema atakufa, na kwamba yule aliyesema hana mtoto wake. Walipiga mawe nyumba yake mpaka bati likatoboka.

“Mwanamuke bila mutoto akitaja mutoto wa mutu, ile ni kuloga,” alisema. “Akimutajia munyama, ile ni wazimu. Mwenye wazimu hawamupigi mawe.”

“Sasa leo kwa nini ulimwita kwa jina?”

“Kwa sababu wewe ni mukali. Nilijua utashuka.”

Nimelifikiria jibu lile sana. Kuna watu wanadhani linapendeza. Mimi linanichoma. Kilima kizima cha mama, na yeye akachagua kutundika uhai wa watoto wetu kwenye sahani ya mnyama, tuelewe au tusielewe. Na kilima kizima kilimfanya achague hivyo. Sijui nimkasirikie nani kwanza, kwa hiyo nawakasirikia wote.

Nilipanda. Nilichukua yai chini ya kitanda mbele ya mama mkwe, nikalichemsha, nikamlisha Mugisho kidogo kidogo, kipande kama ukucha. Mama mkwe alilia kama kwenye msiba. Kesho yake nilimpeleka kwa masista wanaopima watoto. Walimbonyeza mguu vile vile, wakanipa unga wa soya, wakanifokea, nikawafokea pia. Sambaza nilianza kununua kila siku, nikawaponda kwa vidole.

Hakuna aliyenionya kitakachofuata. Maji yalipotoka, yule mtoto mnene alikwenda nayo. Nilibaki na mtoto wa fimbo, mbavu, kichwa, macho. Ngozi ya miguu ilibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Kilima kiliona mtoto wa kung’aa ameingia kwa Madame na sasa ananyonywa, na mama mkwe alikwenda nyumba zile zile alizompitisha akiwaambia damu yake inashuka chini kila jioni. Niliulizwa njiani nimelipwa nini. Na mimi mwenyewe, nikimlisha, nikisikia kutoka chini kra, kra, kra, kuna jioni nilijiuliza. Nilimlisha hata hivyo. Masista walikuwa wameniambia atakonda kwanza.

Siku Mugisho aliponirushia kijiko usoni, akakasirika, akapiga kelele mpaka akakosa pumzi, nilikaa chini nikalia. Mtoto mwenye bwaki hakasiriki. Alikuwa amerudi.

Na chini, jioni ile, Madame aliita Cikuru, Nabintu, Bisimwa, akanyamaza. Jina la Mugisho halikushuka.

Lakini baada ya siku kadhaa lilishuka jingine. “Furaha wa makala.” Ni mtoto wa jirani yangu anayeuza makala, yaani makaa, ukuta wetu ni mmoja. Sikungoja. Nilikwenda kwa yule mama, nikamkuta amekaa kati ya magunia yake, nikamwambia kila kitu bila kuzunguka, nikabonyeza mguu wa Furaha, shimo likabaki. Nilimwambia twende wote kwa masista. Aliutoa mkono wangu kwenye mguu wa mtoto.

“Wako amepona,” aliniambia. “Sasa banatafuta mutoto wa kubadilisha naye. Usinirudilie hapa.”

Furaha alikufa kabla ya mvua kwisha. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Kwenye msiba waliniangalia mimi na mtoto wangu anayekimbia, na baadaye walikwenda wote nyumba ya chini. Mawe yalipigwa mchana, na watu wazima, na wengine walikuwa wamejifunza kusoma mule mule mikononi mwake. Nilisimama juu nikapiga kelele nikiwaita kwa majina yao kamili. Mama mkwe alinivuta ndani kwa kitenge.

Madame aliondoka kwenda kwa kaka yake huko Kalehe. Hakuaga. Nilisikia kwa muuza sambaza kwamba yuko bandarini, amekaa juu ya sanduku tangu asubuhi anangoja boti. Nilishuka na Mugisho mgongoni na yule mdogo tumboni, bado nina unga mikononi.

Bandari ilijaa watu, magunia, mbuzi, askari wakiomba karatasi. Ungejua Madame yuko wapi bila kumwuliza mtu, kwa sababu palikuwa na duara tupu, na katikati yake sanduku, na juu ya sanduku yeye, na miguuni kikapu kilichofungwa kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kinatikisika. Wanawake wenye watoto walikuwa wamewageuzia watoto upande mwingine. Maneno yalikuwa yamefika kabla yake.

Niliingia ndani ya duara. Nilitaka kumwambia mambo mengi, mengi yake mabaya. Nilitaka kumwambia kwamba angepanda kwa mama Furaha yeye mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba angepanda wangemwua. Yote mawili ni kweli.

Aliniangalia. Kwa sauti ya darasani, mbele ya bandari nzima, aliniuliza, “Mutoto amekula nini leo?”

Hakuwahi kumwuliza mama yeyote hivyo tangu mawe ya kwanza.

Nilijibu kwa nguvu kama yake. Nilisema amekula maharage na sambaza. Nilisema jana alikula yai, zima, na hajaiba kitu cha mtu. Nilisema alikuwa na bwaki na watu walisema amenona. Nilisema mtoto akivimba miguu mubonyeze hapa, shimo likibaki mukimbie kwa masista, musingoje. Nilikuwa nageuka nikisema, kwa upande huu na upande ule, kama mwendawazimu.

Nilimfungua Mugisho mgongoni nikampelekea.

“Usinipe,” Madame alisema. “Banatuangalia.”

“Batuangalie.”

Nilimwachia. Kama asingempokea angeanguka, kwa hiyo alimpokea. Alimshika mbali na kifua, mikono imenyooka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, na mtoto akamshika pua, akaivuta. Mwanamke mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Madame hakusogeza uso. Alimwinua kidogo, akamshusha, akamwinua tena, polepole, uso wake umekunjamana kwa hesabu.

“Iko muzito,” alisema, kama anayelalamika, na hakumrudisha mpaka walipoita watu wa boti.